Kufuli linalombana mnunuzi na kumwacha mwizi

Mwaka 2005, kama ulinunua CD za muziki za Sony BMG kwa hela yako halali ukaenda kuzisikiliza kwenye kompyuta yenye Windows, baadhi yake zilikuwa zinaingiza softwea mle ndani. Inaitwa XCP, ilitengenezwa na kampuni ya Uingereza, First 4 Internet, na kazi yake ilikuwa kukuzuia usikopi ile CD kupita idadi waliyotaka wao. Mkataba uliokuwa unatokea kwenye kioo haukukwambia jambo la muhimu kuliko yote, kwamba ile softwea inajificha. Faili lolote lenye jina linaloanza na $sys$ Windows ilikuwa hailioni tena, na antivairasi nazo zilipita pembeni. Walichoweka ni rutikiti, kitu kilekile ambacho wezi wa mtandaoni wanakitumia kujibanza kwenye mashine za watu.

Mtu aliyeianika ni Mark Russinovich, mtaalamu wa Windows, aliikuta kwenye kompyuta yake mwenyewe akaandika tarehe 31 Oktoba 2005. Ndani ya wiki chache yakatokea mambo ambayo nina hakika hakuna aliyeyawaza kwenye kikao cha Sony BMG. Wachezaji wa World of Warcraft waliokuwa wanaibia kwenye gemu wakagundua kwamba wakizipa programu zao za udanganyifu majina yanayoanza na $sys$, mlinzi wa gemu haoni kitu. Halafu zikaja programu haribifu zilizojificha kwenye mwavuli huohuo, yaani mhalifu hata hakuhangaika kujenga maficho yake, ameshajengewa na kampuni ya muziki. Kampuni ikatoa kifaa cha kuiondoa ile softwea kwa njia ya mtandao, na Ed Felten na Alex Halderman, watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, wakaonyesha kwamba hicho kifaa chenyewe kinaacha tundu kubwa zaidi kwenye mashine yako. Mkubwa mmoja wa Sony BMG, Thomas Hesse, alikuwa ameshasema redioni kwamba watu wengi hata hawajui rutikiti ni nini, sasa kwa nini wajali. Kufikia katikati ya Novemba CD zilikuwa zinarudishwa kutoka madukani.

Sasa angalia nani aliumia pale. Yule aliyepakua nyimbo zilezile bure, kwa wizi, hakupata rutikiti, kompyuta yake ilibaki salama. Aliyeumia ni yule aliyeenda dukani akalipa. Hii kitu nimeifuatilia miaka mingi kwenye kazi yangu ya kompyuta na kila nikiangalia kufuli jipya linalowekwa kwenye simu au laptopu naiona sura ileile: kufuli halina macho ya kuona nia ya mtu, linamwona tu aliyeshika kifaa, na mara nyingi aliyeshika kifaa ni mwenye nacho.

Kesi ninayoona ina mafunzo kuliko zote ni ya PlayStation 3 (PS3), konsoli ya gemu ya Sony, na hii ni hadithi ndefu kidogo.

PS3 ilitoka Novemba 2006. Ndani ilikuwa na prosesa inaitwa Cell, waliyoitengeneza Sony, Toshiba na IBM kwa pamoja, na kwa kipindi kile ilikuwa na nguvu ya ajabu kwenye aina fulani za mahesabu. Cha kufurahisha ni kwamba Sony wenyewe waliweka mlango rasmi walioupa jina la OtherOS, unaingia kwenye menyu, unagawa diski, unaweka Linux yako, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta. Hujavunja kitu wala hujamwomba mtu ruhusa, umenunua mashine na hicho kimo ndani. Hawakukupa kila kitu, chipu ya picha walikubania, lakini Cell ulikuwa nayo, na kwa bei ya konsoli ya gemu hiyo ilikuwa neema. Gaurav Khanna, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Dartmouth, akaunganisha PS3 kadhaa pamoja kufanya mahesabu ya mashimo meusi ya angani, kazi ambayo kwa kawaida unapanga foleni ya kompyuta kubwa ya gharama. Jeshi la Anga la Marekani nalo likaja, maabara yao ya utafiti iliyoko Rome, jimbo la New York, wakajenga kompyuta waliyoiita Condor kwa kutumia PS3 kama 1,760. Konsoli za kuchezea mpira, zinafanya kazi za jeshi.

Na kuna kitu kilikuwa kinaendelea kimyakimya. Konsoli nyingine za enzi ile, Wii na Xbox 360, zilikuwa zimeshavunjwa kwa namna moja au nyingine, magemu ya kopi yanachezwa. PS3 ilikaa zaidi ya miaka mitatu haijaguswa. Watu wengi waliamini ni kwa sababu ulinzi wake ni chuma. Kumbe ukweli ni tofauti: watu wenye akili za kuvunja mashine ya namna ile, wale wanaokesha na osiloskopu, kile kifaa cha kuangalia mawimbi ya umeme, na kusoma mashine kodi usiku kucha, wengi wao hawana haja na gemu la bure. Wanataka kuendesha programu yao wenyewe kwenye mashine waliyonunua, na kwenye PS3 walikuwa tayari wanaendesha. Hakukuwa na sababu ya kuhangaika.

Sony wakaanza kuufunga mlango. Septemba 2009 wakatoa PS3 nyembamba isiyo na OtherOS. Januari 2010 kijana wa Kimarekani, George Hotz, akatangaza kwamba ameweza kupenya kwenye kumbukumbu iliyolindwa, akipitia OtherOS pamoja na kuichokoza bodi kwa umeme. Sony wakaogopa, na mimi sisemi hofu yao ilikuwa ya bure, magemu ndio yalikuwa yanawalipa. Lakini uamuzi waliochukua ndio ulioharibu kila kitu. Tarehe 1 Aprili 2010 wakatoa apdeti namba 3.21 ambayo inaondoa OtherOS hata kwenye mashine za zamani, zilizouzwa zikiwa nayo. Ukikataa apdeti, huingii PlayStation Network, mtandao wa Sony wa kuchezea gemu, na magemu mapya yanayodai softwea mpya huchezi. Chagua: upoteze nusu hii ya ulichonunua au upoteze nusu ile. Mtu ametoa hela yake halali halafu kampuni inaingia ndani kwake kwa intaneti na kumnyang'anya sehemu ya kifaa chake. Mpaka leo nikiwaza hilo tendo nakasirika.

Watafiti wenye makundi ya PS3 hawakulazimika kuapdeti, mashine zao hazichezi gemu wala haziingii mtandaoni, lakini ikiharibika moja unapata wapi nyingine? Mpya haina mlango, na iliyopelekwa kwa mtengenezaji inarudi na softwea mpya.

Na wale wakesha-na-osiloskopu sasa wakapata sababu. Desemba 2010, kwenye mkutano wa wahaka, yaani wadukuzi, uliofanyika Berlin, kikundi kinaitwa fail0verflow kikapanda jukwaani kikasema wazi kwamba wanachotaka ni kurudisha Linux. Walichokikuta ndani kiliwaacha watu midomo wazi. Kila programu inayoruhusiwa kwenye PS3 inasainiwa na Sony kwa hesabu za siri, na ile hesabu inadai kila saini itumie namba mpya ya kubahatisha isiyorudiwa. Sony walikuwa wanatumia namba ileile kila siku. Ukiwa na saini mbili zenye namba moja, algebra ya kawaida ya sekondari inakutolea ufunguo wa siri, ule wenyewe wa Sony, sio kopi yake. Siku chache baadaye Hotz akachapisha ufunguo mkuu. Kuanzia hapo yeyote angeweza kusaini chochote na mashine ikaamini kimetoka kwa Sony. Apdeti mpya zikatolewa kuziba, lakini mashine iliyokuwa kwenye softwea ya zamani ilishafunguka, na safari hii walioingia sio watu wa Linux peke yao, wauza magemu ya kopi nao wakapita kwenye tundu hilohilo ambalo wao wenyewe wasingeweza kulichimba.

Hilo ndilo jambo lote ninalotaka kulisema. fail0verflow walionyesha kwamba ukihesabu toka Sony walipoanza kuondoa Linux mpaka mashine ilipoanguka, ni kama mwaka mmoja tu, muda unaokaribiana na wa Xbox 360. Mlango wa OtherOS haukuwa udhaifu wa PS3, ulikuwa ndio ulinzi wake mkubwa, maana uliwatenganisha wadadisi na wezi. Ulipofungwa, wadadisi na wezi wakajikuta nje ya ukuta mmoja, na wadadisi ndio wenye ujuzi. Hakuna mhandisi wa Sony aliyeandika kwenye karatasi "tuwape wezi wa magemu wataalamu bora duniani", lakini ndicho walichofanya.

Kuna watu wanaunganisha hii na ule udukuzi wa Aprili 2011, akaunti kama milioni 77 za PlayStation Network kuvuja na mtandao kuzimwa wiki kadhaa. Mimi siunganishi. Ni kweli Sony walimshtaki Hotz na ni kweli Anonymous, kundi la wadukuzi, waliishambulia Sony kwa hasira ya kesi ile, lakini kuruka kutoka hapo mpaka kwenye ule wizi wa data ni kujitungia. Kinachojulikana ni kwamba wenye PS3 walifungua kesi ya pamoja Marekani kwa ajili ya OtherOS, na mwaka 2016 Sony wakakubali suluhu ya kuwalipa. Miaka sita.

Sasa tuje kwenye simu, maana huku ndiko kufuli linatugusa kila siku.

Septemba 2013 Apple walileta kufuli la akaunti na iOS 7, ukiifuta simu bila paswedi ya iCloud inabaki kuwa kipande cha kioo. Android nao wakaleta la kwao, mafundi wote wanaliita FRP, mwaka 2015. Na nisiwe mchoyo wa ukweli: lilisaidia. Mapema 2015 ilitangazwa kwamba wizi wa simu London umeshuka kwa nusu, na wa iPhone San Francisco umeshuka kwa asilimia 40. Mtu hakuporwa barabarani kwa sababu ya lile kufuli, hilo ni jema kabisa na sitaki liondolewe.

Lakini mwizi hakuacha kazi, alibadilisha tu anachoiba. Kwanza akaanza kukufuata baada ya wizi, unapokea meseji "simu yako imepatikana, bonyeza hapa", ukibonyeza inakuja kurasa inayofanana na ya Apple kabisa, unaandika paswedi mwenyewe kwa mikono yako kwa sababu umefurahi simu imeonekana. Halafu wengine wakaanza kukuchungulia kabla ya wizi, wanasimama nyuma yako baa mpaka waone zile namba unazofungulia, ndio wanakwapua, na mwenye zile namba aliweza kubadilisha paswedi ya akaunti nzima akakufungia wewe nje ya picha zako na hela zako. Mwaka 2023 Wall Street Journal waliandika sana juu ya hili na Januari 2024 Apple wakaongeza ulinzi mwingine, iOS 17.3. Kwa hiyo zamani ulipoteza simu, sasa ukazembea kidogo unapoteza simu na maisha yako yote yaliyomo.

Halafu kuna ile milima ya vifaa visivyoibwa na mtu yeyote. Mtu Ulaya au Marekani amebadilisha simu, ya zamani ameitoa sadaka au ameiuza kwa wanaokusanya, kasahau kutoa akaunti. Kampuni imebadilisha laptopu za wafanyakazi wote, mtu wa IT hakutoa paswedi ya bayosi, ile programu ya kwanza inayoiwasha kompyuta, wala hakuziondoa kwenye mfumo ambao kampuni inazisimamia kwa mbali. Mac za kuanzia 2018 zenye chipu ya ulinzi ya T2 nazo zinaweza kufungwa hivyohivyo. Ni mashine nzima, betri nzima, kioo kizima, na wanaofanya kazi ya kuzirudisha sokoni wanalazimika kuzivunja wauze vipande au kuzisaga. Tulidhani kufuli linazuia mali ya wizi, kumbe mali nyingi linayoizuia haina hatia.

Nyingine zinafika huku. Nenda Kariakoo mtaa wa Aggrey, au Luthuli pale Nairobi, utazikuta: laptopu ya maana kabisa inauzwa bei ya kutupa "ina bayosi", iPhone inauzwa "ya spea". Na hapohapo utamkuta kijana ana kile kifaa cha CH341A, cha bei ya chakula cha mchana, amebana chipu ya bayosi kwenye bodi anaiandika upya, mashine inawaka. Ujuzi ule unanipa fahari, nasema kwa dhati. Ila angalia tena matokeo. Ili atoe FRP anahitaji programu fulani za kwenye Windows, na hizo programu nyingi ni kopi zilizopitishwa mkono kwa mkono kwenye magrupu ya Telegram, na maelekezo ya kwanza siku zote ni "zima antivairasi". Kompyuta hiyohiyo iliyozimwa ulinzi ndiyo inachomekwa simu za wateja wengine siku nzima, simu zenye M-Pesa na Mixx na picha za watoto. Kufuli la usalama limezaa meza isiyo na usalama wowote, na huwezi kumlaumu kijana maana njia halali hakupewa. Mtengenezaji hana tawi la kumpa ufunguo wala hana mpango wa kulifungua.

Vipuri ndio kabisa. Wenye iPhone 6 watakumbuka Error 53: umebadilisha kitufe cha alama ya kidole kwa fundi wa mtaani, simu inafanya kazi vizuri miezi kadhaa, siku umeapdeti softwea inakufa moja kwa moja. Apple walisema ni ulinzi wa alama za vidole, na kweli kitufe kile kiliunganishwa na chipu ya siri ndani, lakini angeweza kukuzimia alama ya kidole tu akakuachia simu, na ndivyo walivyokuja kufanya Februari 2016 kelele zilipozidi. Australia mahakama iliwapiga faini ya dola milioni 9 za kule mwaka 2018, kwa kuwaambia wateja kwamba hawana haki ya kutengenezewa kwa sababu walipita kwa fundi mwingine.

Baada ya hapo ikaja mtindo wa kila kipuri kuwa na namba yake inayotambuliwa na bodi. Betri jipya, hata likiwa zuri, simu inakuandikia ujumbe kwamba hailitambui. Unajua mafundi walifanya nini? Wanakata ile bodi ndogo ya betri lako la zamani wanaichomelea kwenye seli mpya, ili simu idhani ni betri lilelile. Betri la lithiamu hilo, kitu ambacho ukikosea joto kinashika moto, watu wanalichomelea mezani ili kukwepa ujumbe uliowekwa kwa jina la usalama wa mteja. Na mteja mwenyewe ndiye anayeomba, kwa sababu simu yenye ule ujumbe ikiuzwa inashuka bei. Sijui mfano gani mwingine unaonyesha wazi zaidi jinsi kufuli linavyoweza kuzaa hatari ileile linayodai kuizuia. Mtu angeruhusiwa kuweka betri zuri kwa amani, hakuna ambaye angegusa chuma cha kuchomelea.

Sio simu tu. Poland mwishoni mwa 2023 wahaka watatu wa kikundi cha Dragon Sector walieleza kwamba kwenye kompyuta za treni zinazotengenezwa na kampuni ya Newag walikuta kodi inayozima treni ikikaa muda kwenye maeneo ya karakana za washindani, GPS zimeandikwa humohumo. Newag wanakanusha na wamewapeleka mahakamani. Mahakama itasema, lakini abiria walishakaa stesheni wakisubiri treni ambazo zilikuwa nzima.

Ninachokitaka sio dunia isiyo na makufuli. Nataka mwenye mali awe na ufunguo. Kompyuta nyingi za kawaida zina Secure Boot, kufuli linalokagua programu kabla mashine haijawaka, ambayo mwenyewe unaweza kuizima au kuweka funguo zako, na hakuna aliyekufa. Oregon, Machi 2024, walisaini sheria inayokataza kufungia vipuri kwa namna ile, kwa vifaa vinavyouzwa kuanzia 2025, na Apple walipinga lakini ikapita. Hiyo ni sheria ya jimbo la Marekani. Huku kwetu ambako kifaa kinakuja kuishi maisha yake ya pili na ya tatu ndiko sheria ya namna hiyo ingeokoa hela nyingi, TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, wanajua kuzuia simu feki, walifanya 2016, basi wajue pia kumdai mwagizaji na mtengenezaji njia halali ya kufungua simu isiyo ya wizi. Mtu ana risiti, IMEI haijaripotiwa popote, kwa nini simu iende kuwa spea?

Na ndugu zetu mlioko Muscat, London, Minneapolis, mnaotuma simu na laptopu nyumbani, hili lipo mikononi mwenu leo hii. Kabla hujafunga mzigo, toka kwenye iCloud au akaunti ya Google ukiwa bado unakumbuka paswedi, sio uifute tu. Laptopu ya ofisini mwambie mtu wa IT aitoe kwenye mfumo wao na atoe paswedi ya bayosi, umwone akifanya. Halafu iwashe upya ikiwa na intaneti, na ikikubali kuanza bila kudai paswedi ya mtu, ndio uitie kwenye boksi.